Carl Linnaeus na Inzi Mnyang'anyi

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinakwisha, tulikuwa tumekaa wanafunzi watatu pembeni mwa uwanja wa mpira, upande ule ambapo ng'ombe wa misheni hulishwa. Mara akaja inzi mkubwa, mwembamba wa kiwiliwili na mrefu wa miguu, akatua juu ya bua la nyasi. Nyuki akapita. Yule inzi akaruka kama mshale, akamkamata nyuki hewani, akarudi naye mpaka kwenye bua lile lile, akamchoma mdomo na kuanza kumfyonza. Sisi tumezoea kuona inzi akila makombo, hatujapata kuona inzi akiwinda kama chui. Basi tukastaajabu.

Hapo yakaanza mabishano. Mwenzetu Mganda alisema kuwa huyu ni ensowera tu, ila ni mkubwa. Mwenzetu Mwacholi alisema ni lwangni, lakini si wa aina ile ya nyumbani. Mimi nilisema ni nyigu, na kusema kweli nilisema hivyo kwa sababu nilimwogopa. Tukamnasa ndani ya chupa tupu ya jemu, tukampeleka kwa mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, tukitumaini kwamba atatupa jina mara moja na mabishano yatakwisha. Mwalimu hakutupa jina. Alituamuru tuhesabu mabawa kwanza.

Mabawa yalikuwa mawili. Nyigu ana manne. Kwa hesabu hiyo ndogo mimi nikashindwa mbele ya wenzangu, na tangu siku ile nimetaka kumjua mtu aliyewapanga wadudu wote kwa namna hiyo. Jina lake ni Carl Linnaeus, mtu wa Uswidi. Nimesoma habari zake katika maktaba yetu, na nataka kuwasimulia maisha yake, mema na mabaya, kwa maana yote mawili yanatufaa sisi tulio shuleni.

Linnaeus alizaliwa mwezi wa Mei mwaka wa 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri. Siku zile watu wa kawaida wa nchi ile hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na jina la baba yake, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa huku kwetu. Nils alijulikana kuwa mwana wa Ingemar, basi. Lakini alipokwenda kusoma chuo kikuu ilimpasa kuwa na jina la ukoo, naye akalitwaa kutoka katika mti mkubwa uitwao lind kwa Kiswidi, uliokuwa katika shamba la jamaa zake. Hivyo mtu aliyekuja kuvipa majina viumbe vya dunia, jina lake mwenyewe lilitoka katika mti.

Mchungaji Nils alipenda sana bustani, na Carl alipokuwa mtoto mdogo alimfuata baba yake huku na huku akiuliza majina ya maua. Aliambiwa, akasahau, akauliza tena. Mwisho baba yake alichoka, akamwonya kwamba hatamwambia jina jingine lolote mpaka ayashike yale aliyokwisha kuambiwa. Carl aliogopa kunyimwa, na tangu hapo akajifunza kushika. Nadhani wengi wetu tungefaidika kwa onyo kama hilo.

Wazazi wake walitaka awe mchungaji kama baba yake, wakampeleka shule katika mji wa Växjö. Huko hakung'aa. Masomo ya Kigiriki, Kiebrania na dini hayakumwingia, na mara nyingi aliyaacha akaenda porini kutafuta majani. Mwaka wa 1726 baba yake alifika shuleni kuuliza habari za mwanawe. Walimu walimjibu kwamba kijana huyu hafai kwa uchungaji, na inasimuliwa kwamba walimshauri ampeleke akajifunze kazi ya mikono, kama vile ushonaji. Fikirini uchungu wa mzee yule, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ametoa fedha zake chache kwa ajili ya karo.

Lakini Nils hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwanza kwa Daktari Johan Rothman, aliyekuwa pia mwalimu katika shule ile, ili atazamwe ugonjwa wake, na huko akamweleza huzuni yake. Daktari alimwambia kwamba walimu wenzake hawakukosea kuhusu uchungaji, lakini kijana anaweza kuwa tabibu mzuri. Akajitolea kumweka Carl nyumbani kwake na kumfundisha bila malipo. Hivyo ndivyo alivyookoka. Hakuokoka kwa kuwa alipata alama nzuri, ila kwa sababu mtu mmoja alimtazama vizuri kuliko wengine walivyomtazama.

Mwaka wa 1727 Linnaeus akaingia Chuo Kikuu cha Lund, akakaa katika nyumba ya Daktari Kilian Stobaeus. Daktari huyo alikuwa na maktaba nzuri, lakini aliifunga kwa ufunguo. Linnaeus akafanya urafiki na mwanafunzi mwingine aliyeruhusiwa kuingia, na kwa siri akawa anapata kitabu kila usiku, akasoma kwa mshumaa mpaka karibu na alfajiri, kisha kitabu kikarudishwa asubuhi. Mama mzee wa Stobaeus aliona taa ikiwaka usiku, akaogopa moto, akamwambia mwanawe. Stobaeus akaingia ghafula chumbani saa nane za usiku, akidhani kijana amelala na kuacha mshumaa, akamkuta macho, vitabu vimemzunguka. Hakumfukuza. Siku ya pili alimpa ruhusa ya kutumia maktaba yote, na pia chakula mezani pake. Walinzi wetu wa mabweni wasidhani kwamba nasimulia habari hii ili kuwatia moyo wavunja sheria za taa!

Mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Uppsala. Hapo umaskini ukamshika kwelikweli. Viatu vyake vilitoboka akatia karatasi ndani kuzuia mawe na baridi. Mwaka wa 1729 alikuwa katika bustani ya chuo akitazama maua, na mzee mmoja mwenye elimu, Olof Celsius, akamwuliza majina ya mimea ile. Kijana akayataja yote. Mzee akamchukua kwake, akampa chumba na chakula. Mwaka wa 1730 Linnaeus, mwanafunzi aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu tu, alikuwa tayari anafundisha wenzake katika bustani ile.

Mwezi wa Mei 1732 akaondoka Uppsala peke yake juu ya farasi kwenda Lapland, nchi ya baridi ya kaskazini, ambako Wasami hufuga kulungu wa baridi kama wafugaji wetu wafugavyo ng'ombe. Alikaa safarini karibu miezi mitano. Kati ya mambo aliyoyatazama kwa makini ni inzi mmoja anayewasumbua wanyama hao, hata kundi zima likamkimbia. Inzi huyo hutaga mayai katika manyoya, na funza wake huingia chini ya ngozi na kukua humo mgongoni. Wasami walikuwa wanajua taabu hiyo tangu zamani. Linnaeus aliwauliza, akatazama mwenyewe, akaandika. Hii ndiyo njia yake alipokuwa katika ubora wake: alivuka mito na matope, akauliza wenyeji, akatazama kwa macho, ndipo akashika kalamu.

Mwaka wa 1735 akaenda Uholanzi kutafuta shahada ya udaktari, akaipata katika mji wa Harderwijk kwa siku chache tu. Insha aliyoitoa ilihusu sababu ya homa za vipindi, yaani homa ile ambayo sisi huiita malaria. Nitairudia insha hiyo baadaye, kwa kuwa ina jambo la kutufundisha. Mwaka huo huo akachapisha kitabu kiitwacho Systema Naturae, yaani utaratibu wa viumbe. Kilikuwa na kurasa kama 12 tu, lakini kubwa sana, na ndani yake mawe, mimea na wanyama walipangwa katika mafungu kama askari katika gwaride.

Mwaka ule pia ulimletea msiba. Alikuwa na rafiki wa tangu Uppsala, Peter Artedi, mtaalamu wa samaki. Walikuwa wamepatana kwamba mmoja akifa, mwenziwe ataimaliza kazi yake. Artedi alianguka usiku ndani ya mfereji wa mji wa Amsterdam akafa maji. Linnaeus alizipata karatasi zake, akakipiga chapa kitabu cha samaki mwaka wa 1738 kwa jina la rafiki yake, si kwa jina lake mwenyewe. Ahadi ni deni, naye alililipa.

Alirudi Uswidi mwaka wa 1738, akafanya kazi ya udaktari mjini Stockholm, akamwoa Sara Elisabeth Moraea mwaka wa 1739, na mwaka wa 1741 akafanywa profesa katika Uppsala, mji ule ule alikotembea na karatasi viatuni. Alikuwa mwalimu ambaye wanafunzi walimpenda mno. Siku fulani za kiangazi aliwachukua nje ya mji kwa mamia, wamevaa nguo nyepesi, wengine na nyavu za kushikia wadudu na pini za kuwachomekea. Jioni walirudi mjini kwa msafara, maua katika kofia zao, tarumbeta na ngoma zikilia. Wakubwa wengine wa chuo hawakupendezwa na makelele hayo.

Katika malisho ya mifugo walijifunza pia mambo ya manufaa. Mwaka wa 1749 alitoa, pamoja na mwanafunzi wake, habari za majaribio mengi yaliyofanywa ili kujua ni mimea gani ng'ombe hula na ipi hukataa, vivyo hivyo mbuzi, kondoo, farasi na nguruwe. Kwake nyasi hazikuwa nyasi tu. Kila malisho yalikuwa kama kijiji chenye wenyeji wake.

Sasa nifike kwenye majina yenyewe. Kabla yake wataalamu waliita mmea au mdudu kwa maelezo marefu ya Kilatini, maneno matano, kumi au zaidi, na kila mtaalamu alikuwa na maelezo yake. Ilikuwa kama kumwita mtu kwa kutaja urefu wake, rangi ya kanzu yake na mlango wa nyumba yake. Linnaeus alitumia majina mawili tu: la kwanza la ukoo, la pili la aina yenyewe ndani ya ukoo ule. Mwaka wa 1753 aliipa mimea yote aliyoijua, kama aina 6,000, majina ya namna hiyo. Mwaka wa 1758, katika toleo la kumi la Systema Naturae, akawapa wanyama, kama aina 4,400. Mpaka leo wataalamu wa dunia nzima wanahesabu majina ya wanyama kuanzia mwaka ule wa 1758.

Katika toleo hilo wadudu wenye mabawa mawili wamewekwa katika fungu lao, nalo lina koo kumi. Nyuma ya mabawa yao mawili wana vijiti viwili vidogo vyenye kichwa, ambavyo huwasaidia wasipinduke wanaporuka. Ili kuzitenganisha koo hizo kumi Linnaeus alitazama midomo. Mmoja ana mdomo wa kulamba, mwingine wa kuchoma, mwingine mrefu wa kufyonza maua. Wale wenye mdomo mgumu, ulionyoka mbele kama sindano, aliwapa jina la ukoo Asilus. Hao ndio jamaa za yule inzi wetu mnyang'anyi.

Aina moja kubwa ya Ulaya aliiita Asilus crabroniformis, maana yake Asilus mwenye umbo la nyigu mkubwa. Jina hilo lilinifariji, maana kumbe si mimi peke yangu niliyemfananisha inzi na nyigu! Inzi huyo ana urefu wa sentimeta mbili na nusu au zaidi. Sehemu ya mbele ya tumbo lake ni nyeusi na ya nyuma ni ya manjano, hivyo adui akimwona humdhania nyigu na kumwacha. Lakini mtu akitaka kuhakikisha, asitazame rangi tu, kwa sababu rangi hudanganya. Ahesabu mabawa: mawili. Atazame utosi: kati ya macho mawili makubwa pana bonde, kama tandiko la farasi. Atazame uso: una ndevu ngumu, ambazo humkinga macho mawindo yanapopigana. Atazame miguu: ina nguvu na miiba ya kushikia. Kisha atazame mdomo wenyewe, ambao huchoma na kutia mate ya kuyalegeza mawindo na kuyeyusha nyama ya ndani, ndipo inzi afyonze.

Zaidi ya hayo, sharti atazame mahali. Linnaeus alikuwa na desturi ya kumaliza habari za kila aina kwa kutaja makao yake, na mwalimu wetu husema kuwa nusu ya kumjua mdudu ni kujua anwani yake. Crabroniformis hukaa katika malisho makavu yenye jua, nyasi zilizoliwa zikawa fupi, na kinyesi cha ng'ombe au farasi au sungura. Mwisho wa kiangazi cha Ulaya hutua juu ya kinyesi hicho au juu ya udongo mtupu, akingoja mende, panzi na inzi wengine wapite. Hutaga mayai yake papo hapo, na wataalamu husema kuwa funza wake hula mabuu ya mende wa samadi chini ya ardhi. Basi inzi humtegemea mende, mende hutegemea samadi, na samadi humtegemea ng'ombe na mchungaji wake. Ukimwondoa ng'ombe, nyasi hurefuka, na mnyororo wote hukatika. Hivyo ndivyo ilivyotokea mahali pengi katika Uingereza, ambako malisho mengi ya zamani yalilimwa au kuachwa, na ambako baadhi ya dawa za minyoo wapewazo ng'ombe hubaki katika samadi na kuwadhuru wadudu. Inzi yule aliyekuwa akionekana mahali pengi amepungua sana, na huko amewekwa katika orodha ya viumbe vya kuhifadhiwa.

Wasomaji, mpaka hapa nimewasifia Linnaeus. Sasa lazima niseme makosa yake mawili.

La kwanza ni lile la homa. Katika insha yake ya 1735 alidai kwamba malaria hutokana na chembe za udongo wa mfinyanzi zinazoingia katika damu, kwa kuwa aliona homa nyingi mahali penye udongo wa namna hiyo. Aliona mahali, lakini hakumwona mkaaji. Penye udongo huo maji hutuama, na penye maji yaliyotuama pana mbu. Mbu yumo katika kitabu chake mwenyewe, katika fungu lile lile la mabawa mawili, kurasa chache tu kutoka kwa inzi mnyang'anyi. Alikuwa amemshika mwizi mkononi, akamwandikia jina, akamwacha aende. Mwanafunzi wake mpendwa, Pehr Forsskål, alisafiri mpaka Misri, Bahari ya Shamu na Yemeni akikusanya mimea na wanyama, akafa kwa malaria huko Yemeni mwezi wa Julai 1763, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Dunia ilingoja mpaka mwaka wa 1897, ndipo Daktari Ronald Ross, huko Bara Hindi, alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Sisi ambao tumezika wadogo zetu kwa ugonjwa huo tunajua thamani ya miaka iliyopotea.

Kosa la pili linatuhusu zaidi. Katika toleo lile lile la 1758 Linnaeus alimpa mwanadamu jina Homo sapiens, yaani mtu mwenye hekima. Kisha akawagawa watu kwa mabara manne na rangi nne, na kila fungu akaliandikia tabia. Mtu wa Ulaya alimweleza kuwa mwerevu, aongozwaye na sheria. Mtu wa Afrika alimweleza kuwa mvivu, mwenye hila, asiyejali, aongozwaye na matakwa yake tu.

Niliposoma habari hiyo nilikifunga kitabu, nikatoka nje. Kwa siku mbili sikutaka kuendelea na insha hii. Nilijiuliza ya nini nimsifu mtu aliyemtukana babu yangu bila kumwona. Rafiki yangu Mwacholi, yule wa siku ya inzi, ndiye aliyenifanya nirudi. Alinikumbusha kuwa mimi pia nilimwita inzi nyigu kwa sababu ya hofu, kabla ya kuhesabu mabawa.

Basi nikatazama tena, nikaona jambo hili. Linnaeus alifika Lapland, Uholanzi, Uingereza na Ufaransa. Afrika hakukanyaga kamwe. Mtu ambaye hakutaka kumpa inzi jina la ukoo kabla ya kumchungulia mdomo, aliandika tabia ya bara zima kwa maneno ya kusikia. Alipotazama alisema kweli, na kweli yake imesimama zaidi ya miaka 260. Alipoacha kutazama alisema uwongo, na uwongo huo ukaenda mbali kwa sababu ulibebwa na jina lake kubwa, ukawasaidia waliotaka kutunyima haki zetu. Wataalamu wa leo wanakubali kwamba wanadamu wote ni aina moja, na wamelitupa lile fungu la tabia. Lakini jina lenyewe, Homo sapiens, limebaki, nalo ni letu sote, Msami, Mganda, Mswidi na Mwacholi. Kwa jina hilo alitazama vizuri.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Mwaka wa 1774 alipatwa na kiharusi, kisha kingine. Waliosimulia maisha yake husema kwamba kumbukumbu zilimtoka hata wakati mwingine hakulikumbuka jina lake mwenyewe, yeye aliyewapa maelfu majina. Alikufa tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala. Mwaka wa 1784 mjane wake aliuza vitabu, mimea na wadudu wake kwa kijana Mwingereza, James Edward Smith, na vitu hivyo vimehifadhiwa mjini London mpaka leo, pamoja na wadudu kama 3,200, wakiwa juu ya pini zao.

Kazi ya inzi haikufa naye. Mjerumani mmoja maskini, Johann Wilhelm Meigen, aliyekuwa mwalimu wa Kifaransa katika mji mdogo wa Stolberg, alitazama mishipa ya mabawa, akazigawa zile koo kumi katika koo nyingi. Mwaka wa 1818 ndiye aliyempa jina Anopheles mbu yule wa malaria, ingawa naye hakujua siri yake. Leo jamaa ya inzi wanyang'anyi imekwisha kuandikwa aina zaidi ya 7,000, na katika nyasi za Afrika wapo wengi.

Na yule wetu wa chupa ya jemu? Tumehesabu mabawa yake, tumeona bonde la utosi, ndevu za uso na mdomo wa sindano. Ni wa jamaa ya inzi wanyang'anyi, hilo hapana shaka. Lakini ukoo na aina yake hatukuweza kuvijua kwa vitabu vya shule yetu. Wanafunzi wengine walitaka tumwandikie jina lolote la Kilatini ili sanduku lipendeze siku ya wazazi. Tulikataa. Sasa yumo katika maabara juu ya pini, na kikaratasi chake kimeandikwa tarehe, jina la kilima chetu, na maneno haya: malisho ya ng'ombe, nyasi fupi, amekamata nyuki. Mahali pa jina tumepaacha wazi.

Nawaomba wadogo zetu wa kidato cha kwanza waende wakamtazame, wasimguse. Na wanafunzi wa zamani, ambao baadhi yenu sasa mko katika idara za kilimo na mifugo na katika vyuo vikuu, kama yuko kati yenu awezaye kulijaza pengo lile kwa haki, milango ya maabara i wazi. Ila tafadhali, aje na lenzi yake, amtazame kwanza.